MARADHI YA TUMBO YATAJWE KWA MAJINA YAKE

Katika madaftari ya zahanati za pwani yetu, tangu Somanga hadi Mchinga, na ng'ambo ya maji huko Songo Songo, Songo Mnara na Kilwa Kisiwani, limo neno moja linaloandikwa mara nyingi mno. Neno hilo ni "kuhara". Mtoto kaletwa na mama yake, anahara na kutapika, kapewa maji ya chumvi-chumvi na vidonge vya zinki, karudishwa nyumbani. Safu ya mwisho ya daftari imejazwa na habari imekwisha. Kilichomharisha mtoto huyo hakikuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyekiuliza, na hata angeulizwa mganga wa zahanati hakuwa na chombo cha kumwezesha kujibu.

Sisi twaona kwamba wakati wa kuuliza umewadia. Kuhara ni dalili tu, kama vile moshi ulivyo dalili ya moto, na moshi peke yake hauelezi iwapo kinachoungua ni makuti ya banda au ghala la korosho. Nyuma ya neno hilo moja wamo bakteria wa kipindupindu na wa kuhara damu, wamo vimelea vya maji machafu, na limo kundi kubwa la virusi ambavyo wananchi walio wengi, na twathubutu kusema hata viongozi wengi, hawajapata kusikia majina yake.

Si ajabu hawajayasikia, maana elimu yenyewe ni changa. Mpaka kufikia miaka ya 1970 mabingwa wa nchi tajiri nao waliandika "kuhara" na kufunga daftari. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa shule moja katika mji wa Norwalk, jimbo la Ohio nchini Marekani, walishikwa na kutapika kwa ghafla. Maabara zilitafuta bakteria zisimpate. Sampuli zikahifadhiwa, na mwaka 1972 mtaalamu Albert Kapikian akavitambua virusi hivyo kwa darubini ya elektroni. Leo vyaitwa norovirusi. Mwaka uliofuata, 1973, mama mmoja mwanasayansi, Ruth Bishop, akiwa na wenzake huko Melbourne, Australia, alichunguza vipande vidogo vya utumbo wa watoto wagonjwa, akaona virusi vyenye umbo la gurudumu. Hivyo ndivyo rotavirusi, na baadaye ilidhihirika kwamba vilikuwa vikiua watoto wachanga duniani kuliko kiumbe kingine chochote cha kuharisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1968 ulipokwisha kupita kwa miaka 40, yaani mwaka 2008, bado watoto zaidi ya 450,000 wa chini ya miaka mitano walikufa kwa rotavirusi katika mwaka huo mmoja.

Tangu hapo majina yamezidi kuongezeka. Astrovirusi vilielezwa mwaka 1975. Sapovirusi vimeitwa hivyo kwa ajili ya mji wa Sapporo, Japani, vilikoonekana mwaka 1977. Mwaka 1989 katika mkoa wa Aichi, nchini humo humo Japani, vilipatikana virusi vingine kwa mgonjwa wa tumbo katika mkasa uliohusishwa na kula chaza. Mwaka 2008 wataalamu waliochunguza vinyesi vya watoto wa Asia ya Kusini walikuta jamii nzima ya virusi ambayo haikuwa na jina, wakaiita kosavirusi. Hivi ndivyo wataalamu wanavyoviita virusi vinavyochipuka. Vingine ni vipya kwa hakika, vimeruka kutoka kwa wanyama; vingine yumkini vimekaa matumboni mwetu karne na karne, na kipya ni jicho tu lililoviona.

Habari ile ya chaza inatuhusu sisi wa pwani zaidi ya wengine. Chaza, kombe na wenziwe hula kwa kuyachuja maji ya bahari. Ikiwa maji yale yamechanganyika na uchafu wa binadamu, virusi hubakia ndani ya nyama ya chaza, na moto mdogo wa haraka hauvimalizi. Kila bamvua akina mama zetu hutoka na vikapu kwenda kwenye miamba kuokota riziki hiyo. Na kila mwenye macho anajua kwamba katika baadhi ya vijiji vyetu ufuko uleule wa kuokotea chaza ndio ufuko wa kwenda haja. Kusema hivyo si kumvunjia mtu heshima. Ni kueleza njia ambayo virusi huipita. Chembe zisizotimia mia moja za norovirusi zatosha kumlaza mtu mzima, na mgonjwa mmoja hutoa mamilioni kwa mamilioni.

Sasa tumsikilize ofisa anayepinga, kwa sababu hoja yake si ya kipuuzi. Atasema: mtoto anayehara, awe ameshikwa na rotavirusi au adenovirusi au virusi vya Aichi, tiba yake ni ileile. Ni maji ya chumvi-chumvi, zinki, maziwa ya mama, na kumfikisha kwenye dripu mapema akilegea. Virusi hivi havina dawa. Basi fedha za kununulia vipimo si bora zichimbe vyoo na visima? Jina la ugonjwa litamsaidia nini mama wa Songo Mnara?

Twakubali nusu ya hoja hiyo. Vyoo na maji safi vitangulie, na wala asitokee kiongozi wa kutumia ukosefu wa maabara kama kisingizio cha kutochimba choo. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma vijijini, iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili bila hata darubini moja, na vyoo vilichimbwa. Lakini nusu ya pili ya hoja hatuikubali, na sababu zetu tutazitoa katika historia ya nchi hii hii.

Mwaka 1977 kipindupindu kiliingia tena Tanzania na kusambaa mikoani. Dawa iliyotumika kwa wingi ni tetrasaikilini, ikatolewa kwa wagonjwa na hata kwa watu wazima wa afya ili kuwakinga. Mwaka 1979 Fred Mhalu na wenzake walieleza katika jarida la The Lancet jambo la kutia hofu: mwanzoni mwa mlipuko vijidudu vilivyopimwa vilikuwa vikiuawa na dawa hiyo, lakini ndani ya miezi michache tu sehemu iliyo kubwa ilikuwa imekwisha kuizoea na haikujali tena. Jambo hilo lisingejulikana bila watu wa kuotesha vijidudu katika maabara na kuvijaribu kimoja kimoja. Mganga wa zahanati angeendelea kugawa vidonge, na wagonjwa wangeendelea kufa akidhani kwamba wamechelewa kuletwa.

Leo hatari hiyo imebadilika sura tu. Mtu akihara hukimbilia duka la dawa na kununua Flagyl, au vidonge vya rangi mbili, anywe viwili asubuhi na viwili jioni mpaka apate nafuu. Ikiwa kilichomshika ni virusi, dawa hiyo haina kazi yoyote. Nafuu ingekuja yenyewe kwa siku tatu. Kilichobakia ni fedha iliyopotea na bakteria wengine wa tumboni waliofundishwa ukaidi. Tukijua kwa vipimo kwamba katika miezi fulani sehemu kubwa ya watoto wanaohara Kilwa wana virusi, Mganga Mkuu wa Wilaya atakuwa na hoja ya kuwaambia watumishi wake na wenye maduka ya dawa: msitoe. Bila vipimo anaweza tu kuwasihi.

Na chanjo je? Tanzania ilianza kuwapa watoto wote matone ya kinga ya rotavirusi mwezi Januari 2013, dozi ya kwanza wakiwa na wiki sita na ya pili wakiwa na wiki kumi. Hayo ni maendeleo makubwa, nayo yalitokana na watu waliokubali kazi isiyo na sifa ya kukusanya vinyesi vya watoto katika hospitali za Afrika, kuvipima na kuhesabu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2013, uliohusisha vituo saba vya Afrika na Asia, vikiwamo vya jirani zetu Kenya na Msumbiji, ulionyesha kwamba miongoni mwa makumi ya vijidudu vinavyoweza kuharisha, vichache sana ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya maradhi makali ya watoto, rotavirusi vikiongoza kwa watoto wachanga. Nchi isiyohesabu haina la kusema mezani panapoamuliwa chanjo gani itengenezwe na ipelekwe wapi. Katika nchi kadhaa zilizotangulia kuchanja, rotavirusi vimepungua na nafasi ya kwanza imeshikwa na norovirusi. Mtoto wa Kilwa aliyezaliwa baada ya 2013 akihara leo, anahara kwa sababu gani? Mwenye kutaka kupanga bajeti ya afya ya miaka kumi ijayo alipaswa kuwa analijua jibu.

Ipo sababu nyingine ambayo viongozi huitaja kwa nadra, lakini wavuvi wanaijua vizuri. Kuhara na kutapika kukizidi kijijini, neno la kwanza linalotajwa ni kipindupindu. Likitajwa hilo, amri hufuata: mama lishe wafunge, samaki wasiuzwe, vyombo visivuke, shughuli na hitima zisimame. Amri hizo ni za haki pale kipindupindu kinapokuwapo. Pwani hii haiwezi kulichezea jina hilo. Mwingereza Richard Burton alipofika Kilwa mwezi Februari 1859 aliukuta mji umo katika kipindupindu na maiti hazina wa kuzizika, na tauni hiyo ikarudi tena katika mlipuko mkubwa wa 1869 na 1870 ulioelezwa na daktari James Christie aliyekuwa Unguja. Lakini kisiwa kisichokuwa na shamba la maana, ambacho chakula chake chote hununuliwa kwa fedha ya samaki, kikifungwa wiki tatu kwa shaka tu, njaa huingia mahali pa kuhara. Basi safari nyingine watu huficha wagonjwa wao. Maabara inayoweza kusema ndani ya siku mbili kwamba hiki ni kipindupindu, au hiki si kipindupindu ni norovirusi, oshani mikono na vyombo viendelee kuvuka, ingewapa wananchi sababu ya kutoficha. Kwa sababu hiyo twaona kwamba kipimo ni haki ya mvuvi sawasawa na kilivyo chombo cha daktari.

(Na tuseme hapa kwa kupita: wale waliozoea tangu miaka ya Korona kujipaka kitakasa mikono na kuona wamemaliza, wajue kwamba norovirusi havisumbuliwi sana na spiriti. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanayoviondoa.)

Yaliyotokea Ruangwa mwaka 2022 hatuna budi kuyakumbusha, kwa kuwa Ruangwa ni mkoa wetu wa Lindi. Mwezi Julai mwaka ule watu walianza kuugua homa, kichwa, uchovu mkubwa na kutokwa damu puani. Watu watatu walifariki. Nchi nzima ilishika roho mkononi, na maneno yakawa mengi; wengine wakataja Ebola, wengine uchawi. Vipimo vya Ebola, Marburg na Korona vilirudi bila kuona kitu. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya wa wakati huo, Ndugu Ummy Mwalimu, akautangazia umma kwamba ugonjwa ule ni homa ya Mgunda, inayoletwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine na kuingia mwilini kupitia maji na udongo. Mara jina lilipopatikana, hofu ilipungua na tiba ilijulikana, maana Mgunda una dawa. Ugonjwa ulikuwa uleule wa jana yake. Kilichobadilika ni kwamba sasa ulikuwa na jina.

Miezi michache baadaye ikawa zamu ya Kagera. Mwezi Machi 2023 watu wa Bukoba Vijijini walishikwa na homa, kutapika, kuhara na kutokwa damu. Tarehe 21 Machi ilitangazwa kwamba ni Marburg, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu. Watu sita kati ya tisa waliohesabiwa walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Mwezi Januari 2025 Marburg ikarudi mkoani humo, safari hii Biharamulo, na kuua watu kumi. Tunamwomba msomaji atazame dalili za mwanzo: homa, kutapika, kuhara. Kwa macho ya kawaida, siku ya kwanza na ya pili, mgonjwa wa namna hiyo hana tofauti na yeyote kati ya wale wanaoandikwa "kuhara" katika madaftari tuliyoyataja. Mahali ambapo wagonjwa wa tumbo hupimwa kwa kawaida, kila juma, mgonjwa asiyefanana na wengine huonekana mapema. Mahali wasipopimwa huonekana baada ya mazishi ya tatu.

Wako watakaosema mambo hayo ni ya bara, ya popo wa mapangoni huko kwa Wahaya. Wakumbuke Newala. Mwaka 1952 na 1953, katika uwanda wa Makonde, karibu kabisa na sisi, ulizuka ugonjwa wa homa na viungo uliowapinda watu migongo. Virusi vyake vilitolewa katika damu ya wagonjwa na kutambuliwa katika maabara ya Entebbe, Uganda, na jina walilolitumia Wamakonde wenyewe, chikungunya, likaingia katika vitabu vya dunia nzima. Baada ya miaka 50 virusi hivyo vilijitokeza Lamu mwaka 2004 na kuwakumba wakazi wengi wa mji ule, vikavuka hadi Ngazija mwaka 2005, vikafika kisiwa cha Réunion ambako karibu theluthi ya wakazi waliugua, kisha vikaenda India. Vilisafiri kwa njia zilezile za majahazi na biashara ambazo sisi watu wa pwani hujivunia. Chikungunya si ugonjwa wa tumbo, nasi hatuutaji kwa ajili hiyo. Tumeutaja kwa sababu kipya kimekwisha kuchipuka kusini mwa nchi yetu, na kwamba maabara iliyokitambua ilikuwa nchi nyingine.

Hata hivyo hatupendi kuuza maabara kama mtu auzavyo hirizi. Kukuta virusi katika kinyesi cha mgonjwa hakujathibitisha kwamba ndivyo vilivyomwuguza. Huko Haydom, mkoani Manyara, kilikuwapo kituo kimoja kati ya vinane vya utafiti wa kimataifa uliowafuata watoto tangu kuzaliwa, wakipimwa vinyesi wakiwa wagonjwa na wakiwa wazima pia. Ilionekana katika vituo hivyo kwamba mtoto mmoja mara nyingi hubeba vijidudu viwili au vitatu kwa pamoja, na hubeba hata siku anayocheza mchangani bila kuumwa na chochote. Anayekutwa karibu na nyumba iliyoungua huenda alikuja kuzima moto. Kwa hiyo kazi hii haifai kufanywa kwa pupa, kwa kupima wagonjwa kumi siku ya mgeni rasmi na kupiga picha. Yataka sampuli za wagonjwa na za wazima, mwaka mzima, mfululizo, na yataka mtu wa kuzihesabu kwa uaminifu.

Je, yawezekana Kilwa? Twaamini yawezekana, na hatudai miujiza. Pemba ni kisiwa, na tangu mwaka 2000 ina maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, ambayo imefanya kazi ya kujulikana duniani. Hatuombi maabara kama hiyo kesho. Tunaomba kwanza mambo madogo. Hospitali ya Kinyonga iliyoko Kilwa Kivinje, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, zitengwe kuwa vituo vya kukusanya sampuli za choo za wagonjwa wa tumbo kwa utaratibu wa kudumu, na zahanati za visiwani zipeleke huko. Mashine za aina ya GeneXpert, ambazo nchi hii imezizoea katika kupima kifua kikuu, hufanya kazi kwa kukuza chembe za urithi za kijidudu mpaka zionekane. Iko katriji yake ya norovirusi, na mwenye kupanga manunuzi anaweza kuulizia bei. Vipimo vya haraka vya rotavirusi vyafanana na vile vya malaria, na fundi maabara aliyesoma anavimudu. Virusi vigeni visivyo na kipimo vitapelekwa Dar es Salaam, katika Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, vikasomwe urithi wao.

Hapo ndipo bahari na barabara zinapotaka kusema. Wataalamu wa Dar es Salaam wamekwisha kuonyesha kwamba rotavirusi hushika zaidi katika miezi ya baridi na ukavu, ile tunayoiita kipupwe. Miezi hiyo ndiyo miezi ya kusi. Nahodha wa Songo Songo anajua maana yake: mawimbi yako juu, mashua ndogo hazivuki kwa siku kadhaa, na mtoto aliyekauka maji hasubiri bahari itulie. Sampuli nayo yaharibika ikikaa juani. Lakini rotavirusi ni kaidi. Katika ubaridi wa nyuzi mbili hadi nane, uleule wa kuhifadhia chanjo, havipotei kwa siku nyingi. Chombo kinachopeleka chanjo visiwani hurudi na nafasi. Ingewekwa ndani yake kasha la pili la barafu, lenye alama yake, lisilochanganywa kamwe na lile la chanjo, safari hiyohiyo ingerudi na sampuli kwa gharama ya barafu tu na posho kidogo ya mwenye kulishika.

Barabara nayo tumeiona ilivyo. Mapema mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, njia kuu ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika katika wilaya ya Kilwa, sehemu za Somanga na kwingineko, na magari yakakwama huku na huku. Gharika ya namna ile ndiyo saa hasa ambayo visima huchanganyika na vyoo, na maradhi ya tumbo huja nyuma yake. Yaani siku tunayoihitaji Dar es Salaam kuliko siku zote ndiyo siku ambayo hatuwezi kuifikia. Kwa hiyo tunasisitiza kwamba Kinyonga na Lindi ziwe na jokofu la barafu kali, lenye umeme wa akiba, ambalo sampuli zitangojea humo hata mwezi mzima. Tusidharau kungoja. Sampuli za Norwalk zilingoja miaka minne, na jibu lililotoka ndilo linalosomwa hadi leo.

Ndugu zetu wa visiwani nao tunalo neno kwao. Tunajua kumwomba mtu kinyesi cha mwanawe ni jambo linalotia haya. Waliopita chuoni kama sisi tulivyopita walifundishwa twahara kabla ya kufundishwa kitu kingine, na najisi huepukwa, haibebwi katika kichupa. Lakini tulifundishwa pia kwamba panapozuka tauni aliye nje asiingie na aliye ndani asitoke, na hukumu hiyo haiwezi kutekelezwa na watu wasiojua kama tauni ipo au haipo. Tena wazee wetu walikuwa na bidii katika mambo haya. Anayetembea katika magofu ya Songo Mnara ataona vyoo vilivyojengwa kwa mawe ndani ya nyumba, kazi ya zamani za masultani wa Kilwa. Kuchimba choo katika kisiwa cha matumbawe ni taabu, nasi hatukatai. Jiwe ni gumu, na lina nyufa zinazopitisha maji machafu mpaka kisimani. Ndiyo maana Mabwana Afya wapewe mafundi na saruji ya kujengea vyoo vya kufaa mwamba, badala ya kuwatoza faini watu ambao jembe lao limegonga jiwe.

Tunalo na neno kwa wale watakaochukua sampuli. Kwa muda mrefu damu, makohozi na vinyesi vya watu wa pwani hii vimesafiri kwenda mbali, na majibu hayakurudi. Mama aliyetoa kichupa Songo Songo ana haki ya kuletewa jibu Songo Songo, kwa Kiswahili, kupitia mganga wa zahanati yake na mwenyekiti wa kijiji chake: kwamba mwezi huu tulipima watoto kadhaa, kadhaa walikuwa na rotavirusi, kadhaa hatukuona kitu, na mtoto wako alikuwa na hiki. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani penye ratiba ya kliniki. Asipoletewa jibu mara mbili, mara ya tatu hatatoa kichupa, na sisi hatutamlaumu.

Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa na uongozi wa Mkoa wa Lindi huandaa makisio yao kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Kusi nayo inakuwa imekwisha kuanza kuvuma. Tungependa kuyaona katika makisio hayo mafungu matatu yaliyotajwa waziwazi: jokofu moja la Kinyonga, makasha ya barafu ya zahanati za visiwani, na mafuta ya chombo cha kuyarudisha. Mbunge na madiwani wa kata za visiwani wayaulizie kwa majina, fungu kwa fungu, na wasikubali kujibiwa kwamba yamo ndani ya "mengineyo".